Renjifainda ya gofu: kabla hujatoa hela, ielekeze ukutani kwanza

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena kwenye chaneli, leo tuko uwanjani Kitante hapa Kampala, upepo umetulia na nina maiki mpya kwa hiyo wale wa Tanzania na Kenya mliokuwa mnaomba sauti isikike vizuri, haya, imefika. Leo ni renjifainda, kile kipima umbali cha leza, maana meseji zenu zimekuwa nyingi mno na nyingi ni swali lile lile, bro ninunue ipi, na nikiangalia picha mnazonitumia naona wengi mnachagua kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi, yadi 1000, yadi 1300, na hiyo ndiyo inaniuma.

Ndugu zangu, nani hapa anapiga mpira yadi 1000? Hakuna. Shoti yako ya kuingia grini, yaani ile nyasi fupi yenye shimo, iko kati ya mita 60 na 180, hapo ndipo hela yako inafanya kazi. Hiyo 1000 kwanza ni kwa kitu kikubwa kinachorudisha mwanga vizuri, kama jengo au ukuta, bendera ya shimo ni kitambaa kidogo kwenye kijiti chembamba, hailingani hata kidogo. Kukuza mara 6 karibu zote zinakuza mara 6, leza yenyewe zote inapima vizuri, tofauti ya yadi moja tu, sitapoteza muda wenu hapo.

Swali la kuuliza ni moja: inaijua bendera au haiijui?

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona pale mbele, grini ile, bendera imekaa kulia kidogo na nyuma yake kuna miti. Viwanja vyetu ndivyo vilivyo, hapa Kitante, Entebbe, Jinja, nyuma ya grini kuna miti mikubwa. Sasa leza inafanya kazi hivi, inatuma mwanga, mwanga unagonga kitu unarudi, kifaa kinahesabu muda. Kwa mita 150 kwenda na kurudi ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, ni ajabu kabisa. Lakini huo mwanga ukienda mbali unatanuka, ukifika pale kwenye bendera umeshakuwa mpana kuliko kijiti chenyewe, kwa hiyo sehemu inagonga bendera na sehemu inapita inagonga miti. Kifaa kinapata majibu mawili na lazima kichague moja. Hapo ndipo ya bei ya kutupa na ya maana zinaachana.

Nina mbili hapa. Hii ya kwanza ni ile ya bei ya chini, jina sitataja, mtu amenikopesha. Nabonyeza... angalieni kwenye skrini ya simu nimeishika kwenye lenzi... 171. Na imetetemeka! Mmesikia ile drrr? Kwenye boksi wameandika ukisikia inatetemeka ujue imeshika bendera. Nabonyeza tena, 148, imetetemeka. Tena... 171, imetetemeka. Sasa wewe mchezaji umesimama na mpira wako, umeamini ile drrr, unachukua fimbo ya 171, mpira unaruka grini nzima unaingia kwenye miti, halafu unasema swingi yako leo mbaya. Swingi yako haina shida! Umedanganywa na kifaa, na hicho ndicho kitu ninachokichukia kuliko vyote kwenye hizi renjifainda. Afadhali isitetemeke kabisa, ikupe namba tu ujue kazi ya kuhakiki ni yako.

Sasa fanyeni hivi mkiwa dukani, na hii haihitaji uwanja. Elekeza kwenye ukuta mtupu, ukuta mpana, bonyeza. Halafu tafuta nguzo ya taa yenye ukuta nyuma yake kwa mbali, bonyeza tena, rudia rudia. Kama inatetemeka kwa ukuta mtupu sawasawa na inavyotetemeka kwa nguzo, basi huo mtetemo maana yake ni nimepata namba, si nimepata bendera. Mrudishie mwenye duka mwambie asante ssebo, yaani asante bwana. Ile nzuri inatetemeka pale inapoona kitu kidogo kiko mbele na kikubwa kiko nyuma, inakuchagulia cha mbele.

Ya pili hii hapa ni Bushnell Tour V6 Shift, ilitoka 2023, nabonyeza... 148, na mnaona ile pete nyekundu imewaka ndani ya lenzi pamoja na mtetemo. Tena, 148. Nasogeza makusudi kwenye miti peke yake, 172, kimya, haijatetemeka. Narudi kwenye bendera, drrr, 148. Mmeona raha hiyo? Nikifanya hivi asubuhi nzima sichoki. Kuna wakati itakosea pia kwenye ukingo wa tawi, hakuna kifaa kisichokosea, kwa hiyo mazoea yangu ni haya: piga bendera kwa leza, halafu piga mti wa nyuma kwa makusudi, halafu piga mdomo wa banka ya mbele, lile shimo la mchanga. Namba tatu. Bendera ikiwa 148 na miti 172 unajua hazijachanganyika, na unajua ukikosa ukose wapi.

Kedi wangu hapa, huyu anayenibebea begi, anacheka, yeye anasema 150 tangu tufike. Kaka, uko sawa, lakini hiyo 150 yako ni ya katikati ya grini, leo wameweka bendera mbele kidogo. Na niseme hili kwa moyo wote, renjifainda haimwondoi kedi. Haikusomei mteremko wa grini, haikuambii upepo wa juu ya miti unaenda wapi. Mlipeni kedi vizuri.

Yadi na mita, jamani. Angalia kadi ya klabu yako iko kwa nini, halafu weka kifaa chako hivyo hivyo. Yadi 150 ni mita 137, hiyo tofauti ni fimbo nzima, na nyingi zikitoka kiwandani zimewekwa yadi.

Slopu, yaani kifaa kupima mpando na mteremko na kukurekebishia umbali. Hapa ni Kampala, vilima juu ya vilima, slopu inasaidia sana ukiwa mazoezini, unapima bendera iliyo umbali wa mita 130 chini ya kilima, inakuambia cheza kama 122, unajifunza. Lakini kwenye mashindano lazima izimwe. Sheria za gofu tangu 2019 zinaruhusu kupima umbali isipokuwa kamati iwe imekataza, ila kupima mpando na mteremko hapana, Kanuni ya 4.3. Ukiitumia mara ya kwanza unaongezwa pigo mbili, mara ya pili unaondolewa. Ndiyo maana napenda hii yenye swichi ya nje pembeni, mnaona, ukiisukuma hivi mwenzako mnayecheza naye anaona kwa macho yake kwamba imezimwa. Zile za kuingia kwenye menyu kubonyeza bonyeza zinaleta ubishi, nani ataamini?

Na mkikumbuka PGA Championship ya 2021 kule Kiawah Island, Phil Mickelson akashinda akiwa na miaka 50, ile ndiyo ilikuwa mejaa, yaani moja ya yale mashindano makubwa kabisa, ya kwanza ya wanaume kuruhusu hizi. Kwa hiyo wazee wetu klabuni wanaosema leza ni ya wavivu, haya, hata wakubwa walizibeba.

Kitu kingine, watu wa Mombasa na Dar mnaokuja kucheza huku. Kampala iko juu kama mita 1200, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa kama asilimia 4 au 5. Leza itakupa umbali wa kweli wa bendera, lakini fimbo yako namba 7 iliyozoea mita 140 pwani huku inaenda 146, 147. Usilaumu kifaa. Kuna za bei kali kama Bushnell Pro X3 zinazoingiza joto na mwinuko kwenye hesabu, nzuri, lakini hiyo ilitoka kwa zaidi ya dola 500, kwa mtu wa hendikapu 20, mchezaji wa kawaida tu, mimi naona hiyo hela lipa mwalimu.

Kuhusu mikono kutetemeka, hapa mawazo yangu yanabadilika kadiri ninavyoendelea kucheza. Zamani nilikuwa naona ile ya kutuliza picha ni anasa, Nikon wanayo kwenye Coolshot Pro II Stabilized, ukibonyeza picha inatulia kama imewekwa kwenye meza. Sasa nikipanda kile kilima nikifika juu nahema, bendera inacheza cheza kwenye lenzi, naanza kuielewa. Kwa mzee wangu wa miaka 65 ningemnunulia hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Uwanja wa Kigo je, kule ziwani, maji kila upande? Msijaribu kupiga maji yenyewe, leza ikigonga maji kwa pembe ile inaruka mbele hairudi kwako. Piga matete ya ng'ambo au kigingi cha rangi, hapo unajua unahitaji kuvuka mita ngapi. Na asubuhi kukiwa na ukungu wa ziwani mtapata namba za ajabu, mita 9, mita 12, ni matone ya ukungu yanarudisha mwanga, subirini kidogo au mtumie saa ya GPS. Video ya saa za GPS inakuja, najua mnaisubiri, na kwa shoti ya kilima usiyoona bendera saa inashinda leza, nitaonyesha.

Betri. Nyingi zinatumia CR2, fupi nene, usitegemee kuikuta kwenye duka la mtaani, ukinunua kifaa nunua na betri ya akiba siku hiyo hiyo uitupie kwenye begi. Za kuchaji kwa Type-C ni nzuri ila chaji ikiisha shimo la 11 hakuna wa kukukopesha.

Bei sasa. Hii V6 Shift ilitoka kwa dola 399, hiyo ni kama milioni moja na nusu ya shilingi zetu kabla hujaweka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Ya bei nyepesi, Shot Scope Pro L2 imekuwa ikiuzwa kama dola 150, ina slopu na sumaku ya kunata kwenye kigari. Kwa hiyo kama bajeti ni laki sita, saba, usione aibu, nenda nayo dukani kwenye ukuta na nguzo, ikifaulu chukua. Na kama unaagiza kutoka nje, uliza kwanza ikiharibika nani anarekebisha, maana kurudisha kifaa nje ya nchi kwa gharama yako ni hela nyingine kabisa. Ya kutumika nayo siyo mbaya, ila chungulia lenzi uone kama kuna ukungu ndani, na fungua pale pa betri uangalie kutu.

Niandikieni kwenye komenti bei mliyopewa na mji mliopo, Mbarara, Fort Portal, Nairobi, popote, nitazikusanya niziweke kwenye video ya saa za GPS. Kedi ananiambia nyuma yetu kuna watu wanne wanasubiri, twende tukapige hii 148.