SME Climate Hub: ahadi ni nyepesi, kazi iko kwenye ankara

Mwenye biashara ndogo anayetaka kupunguza gesi joto zinazotokana na shughuli zake hukutana na huduma za namna mbili: zile zinazomuuliza kwanza anachoma nini, ananunua nini na umeme wake unatoka wapi, na zile zinazomuuzia kitu kabla hajafungua hata daftari la matumizi. SME Climate Hub, jukwaa la mtandaoni lililozinduliwa mwaka 2020 na International Chamber of Commerce, Exponential Roadmap Initiative, We Mean Business Coalition na kampeni ya Umoja wa Mataifa ya Race to Zero, ni la namna ya kwanza, tena halitozi ada. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipendekeza, ingawa si kila kilichomo kina uzito sawa.

Sehemu inayotangazwa zaidi ni ahadi. Biashara inayojiunga hukubali mambo matatu: kupunguza gesi joto zake kwa nusu kabla ya mwaka 2030, kufikia sifuri halisi, yaani kutotoa gesi joto zaidi ya zinazoondolewa hewani, kabla ya mwaka 2050, na kutoa taarifa ya maendeleo yake kila mwaka. Malengo hayo yanafuata mkondo wa ripoti ya mwaka 2018 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, iliyoonyesha kwamba ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, hewa ukaa inayotolewa duniani ilipaswa kushuka kwa takriban asilimia 45 kufikia 2030 ikilinganishwa na mwaka 2010, na kufika sifuri halisi karibu na mwaka 2050. Kinachopita bila kusemwa kwa sauti ni kwamba nusu hiyo ni ya jumla yote ya biashara, wala si ya kila bidhaa. Karakana itakayoongeza uzalishaji wake mara mbili ndani ya muda huo italazimika kushusha gesi joto za kila kipande inachotengeneza hadi robo ya kiwango cha awali, na kwa biashara changa inayokua haraka hilo ni sharti zito kuliko linavyoonekana pale mtu anapojaza fomu. Ahadi yenyewe hutangulia na vipimo hufuata, kwa hiyo mteja anayeona biashara imejiunga aichukulie kama dalili ya nia, kisha aombe taarifa ya mwaka.

Thamani halisi iko katika upande wa kupima, ambako mtumiaji huelekezwa kwenye miongozo na vikokotoo. Msingi wa upimaji wa aina hii ni GHG Protocol, kanuni za hesabu zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na World Resources Institute pamoja na World Business Council for Sustainable Development. Kanuni hizo hugawa gesi joto katika mawanda matatu. Wigo wa kwanza ni kile biashara inachochoma au kuvujisha yenyewe, yaani mafuta ya magari na jenereta, gesi ya kupikia na gesi ya majokofu. Wigo wa pili ni umeme inaonunua. Wigo wa tatu ni yote mengine, kuanzia malighafi na usafirishaji unaofanywa na wengine hadi namna mteja anavyoitumia bidhaa na kuitupa. Kanuni za wigo huu wa tatu, zilizotolewa mwaka 2011, zina makundi 15, na hapo ndipo biashara nyingi ndogo hukata tamaa. Si lazima kuanza na yote 15. Mgahawa utaanza na nyama na maziwa, fundi seremala na mbao, kampuni ya usafi na sabuni pamoja na safari za wafanyakazi.

Kwa mawanda mawili ya kwanza, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, na petroli takriban kilo 2.3. Umeme unahitaji kigezo cha gridi husika, yaani kiasi cha hewa ukaa kwa kila uniti, kwa kuwa uniti moja inayotokana na makaa ya mawe na uniti moja inayotokana na maji hazilingani hata kidogo. Mtu mwenye stakabadhi za mafuta na bili za umeme za mwaka mzima anaweza kukamilisha sehemu hii kwa jedwali la kawaida la Excel.

Ugumu uko kwenye gesi ya kupozea. Chukua ankara ya fundi wa viyoyozi yenye mistari mitatu: nauli, kazi, na kujaza kilo mbili za R-410A. Mhasibu huiingiza yote chini ya matengenezo na kuendelea na mambo mengine. Lakini kwa vigezo vinavyotumiwa sana, kila kilo ya gesi hiyo inapovuja hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, kwa hiyo mstari ule wa tatu unabeba kilo 4,176, ambazo ni zaidi ya kuchoma lita 1,500 za dizeli. Kuziba tundu kwenye bomba, au kununua mtambo mpya unaotumia R-32 yenye kigezo cha 675, kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko mabango yote ya kuwahimiza wafanyakazi kuzima taa. Huduma yoyote ya kupima kaboni isiyouliza swali kuhusu gesi ya majokofu haifai kwa bucha, duka la vyakula wala duka la maua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vikokotoo vinavyotegemea fedha zilizotumika. Njia hiyo huchukua kiasi ulicholipa na kukizidisha kwa wastani wa sekta, na kwa picha ya kwanza inatosha, hasa katika wigo wa tatu. Tatizo linakuja mwaka wa pili. Ukihamia kwa msambazaji anayetumia nishati safi lakini anatoza bei ya juu kidogo, kikokotoo kitasema umechafua zaidi. Bei zikipanda sokoni, utaonekana umeongeza gesi joto bila kununua hata gramu moja ya ziada. Ushauri wangu kwa anayetumia SME Climate Hub ni kuanza na fedha pale tu anapokosa kingine, kisha kuhamia kwenye lita, kilo na uniti, kundi moja baada ya jingine, akianza na lile kubwa.

Kwa kulinganisha, huduma moja ya kulipia niliyoijaribu, ambayo sitaitaja jina, ilitoa cheti cha kutokuwa na kaboni baada ya fomu fupi na malipo ya hati za kaboni, yaani kulipia upunguzaji wa gesi joto unaofanywa na wengine kwingineko. Haikuuliza juu ya jokofu hata moja. Hiyo si sifuri halisi kwa maana inayokubalika na wataalamu: kiwango kilichotolewa mwezi Oktoba 2021 na Science Based Targets initiative, taasisi inayoweka vigezo vya malengo ya tabianchi ya kampuni, kinataka kampuni, kwa jumla, ipunguze gesi joto zake kwa angalau asilimia 90, ndipo kinachobaki kiondolewe hewani na kuhifadhiwa. Hati za kaboni zinaweza kugharimia miradi mizuri huko ziliko, lakini hazipunguzi lita hata moja katika tangi la jenereta lako.

Upungufu wa SME Climate Hub unaonikera ni kwamba mwongozo wa jumla hauwezi kumfikia mpangaji. Biashara nyingi ndogo hukodi jengo, na mwenye jengo ndiye anayeamua kuhusu paa, mita na viyoyozi. Kwa watu hao jambo la kwanza la kufanya ni mazungumzo ya mkataba wa pango, si kikokotoo.

Anayefaidika zaidi na huduma hii ni yule mwenye wateja wakubwa, kwa sababu gesi joto za msambazaji huingia katika wigo wa tatu wa kampuni inayonunua kwake, na dodoso za kaboni zimeanza kuambatana na zabuni. Aweke katika jedwali lake chanzo na mwaka wa kila kigezo alichotumia. Vigezo vya umeme hubadilika kadiri gridi inavyobadilika, na bila kumbukumbu hiyo hataweza kumweleza mnunuzi kama upungufu wa mwaka huu umetokana na kazi yake mwenyewe au na mitambo mipya ya shirika la umeme.