Glock 19 kiunoni, Houston: inalia ikitakiwa, inanyamaza isipotakiwa?

Wabongo na Wakenya wa huku Texas wakishajua kwamba unamiliki bastola, swali la kwanza huwa bei na la pili huwa "haikwami?" Bei niimalize haraka: Glock 19 ya toleo la tano madukani inacheza kati ya dola 500 na 600. Swali la pili ndilo lililonifanya niandike, maana majibu ninayoyasikia yanafanana: "Nimepiga boksi nne, haijanigomea hata mara moja." Mimi ni fundi wa pampu viwandani. Kijana wangu wa kazi akiniletea jibu la namna hiyo kuhusu pampu, namrudisha mtamboni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Boksi nne ni risasi 200. Ukizipiga zote bila hata moja kukwama, hujathibitisha kwamba bastola haikwami. Ulichopata, kwa uhakika wa asilimia 95, ni kwamba kukwama hakuzidi takriban mara moja na nusu katika kila risasi 100. Unachukua 3 unagawanya kwa idadi ya majaribio yaliyopita salama: risasi 300 zinakupa asilimia 1, risasi 1,000 zinakupa asilimia 0.3. Jeshi la Austria lilipotafuta bastola mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, masharti yake yaliruhusu hitilafu zisizozidi 20 katika risasi 10,000 za kwanza, yaani moja kwa kila 500. Glock 17 ndiyo iliyochaguliwa, mwaka 1982. Glock 19 ilikuja 1988, ni ileile iliyofupishwa: mtutu wa milimita 102, risasi 15 kwenye magazini, uzito wa takriban gramu 850 ikiwa imejaa. Sasa ikiwa jeshi zima liliweka nafasi ya hitilafu, mwenye boksi nne anapata wapi ujasiri wa kusema "haikwami"?

Yangu imeshakula risasi elfu kadhaa, nyingi za mazoezi, zenye kichwa cha gramu 7.5, zile za bei ya chini kabisa rafuni. Kwa magazini zilizokuja nayo kwenye boksi, ikiwa mikononi mwangu, haijanigomea. Hiyo ndiyo sifa yake na naitoa bila kinyongo. Ila angalia nilivyoisema: kwa magazini hizo, mikononi mwangu. Ukiondoa kimojawapo, hadithi inabadilika, na hapo ndipo wengi wanaposahau kupima.

Tuanze na magazini. Nilinunua za ziada za kampuni nyingine, sitaitaja, kwa sababu zilikuwa nusu bei. Mbili kati ya hizo zilianza vituko: moja haikuiacha slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, ibaki wazi risasi zikiisha, nyingine ilikuwa inaielekeza risasi chini badala ya kuipandisha chembani, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa, na slaidi inaibana hapohapo. Mtu asiye na utaratibu angesema bastola imeharibika. Mimi magazini zangu zote nimeziandika namba chini kwa kalamu ya rangi, kwa hiyo kila tatizo nilijua limetoka namba ngapi. Hizo mbili zimebaki za mazoezi, zina alama nyekundu, maana kukwama kwa makusudi kunafundisha mkono kufungua: unagonga kitako cha magazini, unavuta slaidi, unaendelea. Za kubeba ni za kiwandani tu. Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya leo, ni hiki cha namba, na kalamu haifiki dola 3.

Halafu mkono. Siku moja nilikwenda uwanjani na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa ametoka Arusha hana muda mrefu na hajawahi kushika silaha. Nilimpa bastola ileile, magazini ileile, risasi za boksi lilelile.

"Shemeji, imekwama tena."

Ganda lilikuwa limesimama wima, limebanwa mlangoni pa slaidi kama bomba la jiko. Nikamwambia akaze vifundo vya mikono na asogee mbele kidogo, mabega yatangulie. Akapiga magazini nzima, safi. Bastola ya aina hii hutegemea fremu, yaani mwili wa chini wenye kishikio, itulie wakati slaidi inarudi nyuma. Mkono ukiwa laini, fremu na slaidi vinarudi pamoja, slaidi haimalizi safari yake, na ganda linakosa nafasi ya kutoka. Shemeji aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Na ukiwa umeumia mkono mmoja?" Kwa hiyo sasa sehemu ya kila zoezi langu ni mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Glock 19 inastahimili hapo vizuri kuliko bastola ndogo zaidi nilizojaribu, nami sababu yake naiona ni ya kifundi: slaidi fupi na nyepesi inahitaji springi ngumu, inakwenda na kurudi upesi, na magazini inapata muda mfupi zaidi wa kuipandisha risasi inayofuata. Udogo una gharama yake, hata tangazo likinyamaza.

Risasi zenyewe ndizo zinazouma mfukoni. Za mazoezi huja 50 kwa boksi. Za kujikinga, zenye tundu kichwani ili zitanuke zikigonga, mara nyingi huja 20, na boksi hilo dogo linaweza kuizidi bei lile kubwa. Ndiyo maana watu hupima bastola kwa za bei ya chini kisha hubeba za bei ya juu ambazo hazijawahi kupita kwenye mtutu wao. Umbo la kichwa ni tofauti, nguvu ni tofauti, urefu unaweza kuwa tofauti. Mimi nabeba Federal HST za gramu 8, na nilikubali kuchoma mamia ya dola kabla sijaziamini. Mke wangu alizipiga hesabu zile dola kwa mifuko ya mchele, na sikuwa na la kumjibu.

Kuna jambo la kubeba kila siku ambalo muuzaji hakuelezi. Ukiwa na tabia ya kuitoa risasi chembani kila usiku na kuirudisha asubuhi, risasi ileile inagongwa tena na tena ikipandishwa. Kichwa kinaweza kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Ganda likipungua nafasi, shinikizo linapanda baruti ikiwaka, na linaweza kupanda mpaka hatari. Ukitaka kujua, isimamishe pembeni ya risasi mpya juu ya meza: ikiwa fupi hata kwa kuiona kwa macho, haiingii tena chembani. Yangu haitolewi kila usiku. Bastola inaingia kwenye kasha la chuma la kufuli ikiwa ndani ya ala yake, jinsi ilivyo, na kasha limefungwa kwa boliti kabatini. Nina watoto wawili wadadisi, kwa hiyo hilo halikuwa na mjadala.

Jasho la Houston nalo lina nafasi yake hapa. Anayesoma haya akiwa Minnesota aruke aya hii. Julai, unyevu ule wa Ghuba ya Meksiko, bastola imelala ubavuni chini ya fulana tangu asubuhi: ikitoka jioni ina chumvi na vumbi la nguo. Slaidi na mtutu vimepakwa tabaka gumu ambalo kutu huliogopa, na kwangu havijaonyesha doa. Vidogo ndivyo vya kuangalia, skrubu za ala na pini ndogondogo. Nafuta kwa kitambaa kikavu jioni, naweka tone la mafuta kwenye reli za slaidi, basi. Kwenye njia ya pini inayogonga risasi siweki mafuta kabisa, kwa sababu yanakusanya uchafu na pini inagonga kwa ulegevu. Uzuri ni kwamba kuifungua haihitaji kifaa. Ubaya ni kwamba lazima uvute kifyatulio kabla slaidi haijatoka, kwa hiyo kutoa magazini, kutoa risasi, kutazama chembani na kuingiza kidole chembani ni lazima, kila mara, hata kama umefanya hivyo dakika moja iliyopita.

Sasa upande wa pili wa swali, ule ambao wauliza "haikwami?" hawauulizi. Bastola ya kubebwa kiunoni kila siku inatakiwa ilie ikitakiwa, lakini saa zote nyingine inatakiwa inyamaze. Glock 19 haina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Ina vizuizi vitatu vinavyojifungua vyenyewe ukivuta kifyatulio, na kimoja chao kinaizuia pini isigonge hata bastola ikidondoka. Kudondoka si jambo dogo: mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuziboresha bure bastola zake za P320 baada ya kuonekana kwamba zinaweza kulia zikidondoka kwa pembe fulani. Lakini vizuizi vyote vya Glock vinafunguka kwa kitu chochote kitakachokivuta kifyatulio, kiwe kidole, pindo la shati au kamba ya jaketi. Kwa hiyo ala ni sehemu ya bastola. Ya ngozi iliyochakaa, yenye mdomo uliolegea na kujikunja ndani, ni ya kutupa. Nilichagua ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote na inayobaki wazi mdomo bastola ikiwa nje. Na kurudisha bastola ndani hakuna mashindano: unatazama, unainua shati, unaingiza taratibu. Anayeiweka kiunoni bila ala, kama majambazi wa sinema, simwonei huruma, nawaonea waliokaa naye.

Kwa upande wa sheria, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua dukani kihalali: unajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu kwa mnunuzi wa silaha, jina linapita kwenye ukaguzi wa FBI. Tangu 1 Septemba 2021 Texas inaruhusu mtu wa miaka 21 au zaidi asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bila leseni. Leseni mimi ninayo hata hivyo, kwa sababu kuna majimbo mengine yanayoitambua. Soma vibao milangoni, hasa kile chekundu cha "51%" kwenye baa, kinachokataza kuingia na silaha. Na usijidanganye kwamba karatasi ya Texas ina uzito nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina bodi yake ya leseni za silaha, na hakuna atakayekusikiliza pale uwanja wa ndege.

Malalamiko yangu ni machache. Vilengeo vya plastiki vinavyokuja nayo vinafanya kazi mchana, ila usiku havisaidii, na watu wengi huvibadilisha kwa vinavyong'aa. Kishikio ni kinene. Mke wangu, ambaye vidole vyake ni vifupi, hakifikii kifyatulio vizuri bila kuisogeza bastola mkononi, na hilo linarudisha tatizo lile la mkono kutokaza. Kwake tunapima Glock 43X, nyembamba, ya risasi 10, na itaanzia sifuri kama nyingine yoyote: magazini zenye namba, mkono mmoja, risasi za kubeba. Kwa mwembamba anayevaa fulana za kubana, 19 itaonekana. Kwa mimi mwenye kitambi cha ugali, imejificha vizuri sana.

Kama utanunua iliyotumika, badilisha springi ya slaidi kwanza, ndipo uanze kuhesabu risasi zako. Springi mpya ni bei ya chakula cha mchana, na hujui aliyekutangulia aliipiga kiasi gani.