Canonet QL17 G-III: safari hii nilianza na kitundu cha kuchungulia

Canonet yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni. Muuzaji aliweka picha tele: lenzi kwa mbele, lenzi kwa nyuma, mgongo usio na mkwaruzo. Hapakuwa na hata moja iliyopigwa kupitia kitundu cha kuchungulia, nami sikuuliza. Ilipofika Dar es Salaam niliipenda palepale. Ni kamera ya mkanda iliyotoka mwaka 1972, ya chuma, inaenea kiganjani, na lenzi yake ya milimita 40 inafunguka hadi f/1.7, kwa hiyo hata sebuleni jioni unapiga bila flashi. Nikaenda nayo kwenye posa ya binti wa dada yangu. Mkanda uliposafishwa niliumia sana. Shangazi amekaa mkekani, pazia nyuma yake unaweza kulihesabu nyuzi, uso wake umefifia.

Kwa asiyezijua, kamera hizi huitwa renjifainda, na huoni kupitia lenzi kama kamera nyingine. Unachungulia dirisha la pembeni, na katikati yake kuna kiraka cha njano chenye picha ya pili ya kile unachokitazama. Ukizungusha pete ya lenzi, picha hizo mbili zinasogeleana, na zikilaliana umelenga. Ukungu wa dirishani hauingii kwenye picha hata kidogo. Lakini kiraka kikikosea, lenzi safi haikusaidii kitu. Hicho ndicho kilichompata shangazi.

Ya pili nilinunua mkono kwa mkono, kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio. Nilimwomba tukutane Coco Beach, asubuhi. Aliona ajabu, ila akaja. Nilipataka pale kwa sababu ya meli zinazotia nanga nje zikisubiri kuingia bandarini, maana kiraka hupimwa kwa kitu cha mbali sana. Niliizungusha lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya mbali kabisa, nikakiweka kiraka juu ya mlingoti wa meli. Mlingoti ulikuwa mmoja. Ile ya kwanza, nilipoijaribu baadaye hapohapo, ilinionyesha milingoti miwili, mmoja kando ya mwingine. Kisha nikatazama ukingo wa sitaha, ule mstari uliolala. Hapo niliona kasoro ndogo: mstari wa ndani ya kiraka ulikuwa juu kidogo ya ule wa nje. Kupishana kwa juu na chini hakuharibu umbali kama kupishana kwa kando, ila kunachosha jicho. Nilimwambia mzee, akachungulia mwenyewe, akapunguza bei bila maneno mengi.

Mbali kukiwa sawa, karibu pia kupimwe. Nilikuwa na futi ya fundi cherehani. Nikapima mita 1 kutoka mgongo wa kamera, pale mkanda unapokaa, hadi kwenye kitasa cha gari lake, nikalenga kitasa, nikasoma pete: 1. Nikashusha pumzi.

Halafu tochi ya simu. Unaimulika kwenye kitundu cha nyuma, unatazama kwa mbele, kisha unageuza. Kwa unyevu wa pwani yetu, fangasi ndiyo ninayoiogopa kuliko mkwaruzo wowote. Inatambaa kwenye vioo vya ndani kama utando wa buibui. Ukungu wa kawaida unaonekana kama pumzi iliyoganda, na huo fundi anaweza kuusafisha. Hapa palikuwa na vumbi tu. Mistari ya fremu, ile inayoonyesha mipaka ya picha, ilionekana yote, na ilisogea nilipolenga karibu, kama inavyotakiwa kwenye Canonet.

Kamera ya kwanza niliipeleka kwa fundi. Alipofungua kifuniko cha juu nilitaka kusaidia kwa pamba na spiriti. Akanishika mkono: "Mwanangu, hapo usiguse." Kile kioo cha mshazari kinapitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na rangi yake ya fedha inatoka kwa kufutwa mara moja tu. Ikishatoka, kiraka nacho hakionekani tena. Kurekebisha milingoti yangu miwili aliweza. Kufifia kwa kiraka hakuweza, akanibandikia kipande kidogo cha tepu nyeusi mbele ya dirisha, katikati, ili kiraka kijitokeze. Kinasaidia zaidi ya nilivyotarajia.

Mengine ya kamera hii sina malalamiko makubwa. Sponji za mlango wa nyuma, zile zinazozuia mwanga kuingia, huwa zimeoza na kugeuka ulimbo, badilisha. Betri yake ya zebaki haitengenezwi tena. Mimi natumia ya vifaa vya kusikia, na mshale wa kupimia mwanga ulio kulia mwa kitundu unapanda na kushuka vizuri. Kwa pesa niliyotoa ningeinunua tena.

Muuzaji akiwa mbali, sasa namwomba aweke simu yake kwenye kitundu apige picha mbili, moja ya kitu cha mbali na moja ya ukuta mweupe. Wa mwisho niliyemwomba alinijibu kwamba lenzi ni safi kabisa. Sikununua.