Kliniki ya homoni, Ganjoni, Mombasa
Kliniki hii ilimhudumia dada yangu, mgonjwa wa Graves, maradhi ambayo kingamwili za mwili wenyewe huichochea tezi ya shingo itoe homoni kupita kiasi. Na picha ya kifua ilipoonyesha kwamba tezi ya thaimasi, inayosaidia kinga ya mwili, nayo imevimba nyuma ya mfupa wa kidari, daktari hakukimbilia kisu. Alieleza kwamba uvimbe wa aina hiyo huweza kuandamana na maradhi haya na mara nyingi hunywea homoni zikidhibitiwa, akamwanzishia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hizo, na kumwonya arudi upesi akipata homa au maumivu ya koo, kwa kuwa dawa hiyo, ingawa ni nadra, huweza kupunguza chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Picha iliyofuata ilionyesha nafuu. Foleni ya asubuhi, hata hivyo, inachosha, na ukumbi wa kusubiri hauna feni.