TAHADHARI: Safari ya lori ya Chalbi na Ziwa Turkana kwa Sh38,000, someni kabla hamjatuma pesa

Ndugu zangu mnaopenda safari za kaskazini, kama mmeona tangazo la "Chalbi hadi Ziwa Turkana, siku 7, lori la 4x4, kila kitu ndani, Sh38,000", subirini kidogo. Mimi nililipa. Nimekwenda na nimerudi, na jumla iliyonitoka ni Sh49,000, bila kuhesabu siku mbili za kazi nilizokatwa. Jina la mwenye safari sitalitaja. Tuna madai katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, na mwenzetu mmoja anayejua sheria ametuomba tusimtaje kwanza. Tena jina lenyewe lisingewafaa kitu: tulipolitafuta kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, biashara hiyo haijasajiliwa, na tumeshakutana na watu waliosafiri naye akijiita kitu kingine kabisa. Ushikeni mtindo wake, jina liacheni.

Utapeli tuliouzoea ni wa mtu kupokea pesa na kuzima simu. Huyu hazimi simu. Anakuja mwenyewe, lori linakuja, mnapanda mkiimba. Kukamuliwa kunaanza mkishapita Marsabit, mahali ambapo huwezi kusema "nishushe hapa, nirudishie changu".

Kuna mambo niliyaona mapema nikayafumbia macho, na hayo ndiyo yananiuma zaidi. Picha za tangazo zilikuwa na milima ya mchanga mwekundu, mirefu kama ghorofa, watu wametembea mgongoni mwake kama sisimizi. Mtu yeyote aliyefika Chalbi angecheka. Chalbi ni tambarare, ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani, nyeupe kwa chumvi, unaona gari likija kabla hujalisikia. Vilima vya mchanga vipo upande wa North Horr, lakini si vile. Zile picha ni za Sossusvlei, Namibia. Nilikuwa nimeshazoea kuona picha za kuazima kwenye matangazo ya safari, nikasema ni mbwembwe za biashara tu.

Jambo la pili ni tarehe. Safari ilipangwa wikendi ya Pasaka, katikati ya masika. Chalbi yenyewe hupata mvua kidogo sana, lakini maji ya Mlima Marsabit na ya vilima vya Huri yakishuka huishia pale pale bondeni. Mwenyeji wa kule hakuuzii kuvuka Chalbi mwezi wa Aprili bila kukwambia kwamba huenda mkazunguka. Huyu hakutaja mvua hata mara moja.

La tatu ni namba ya kulipia. Haikuwa Paybill wala Till, ilikuwa namba ya simu ya kawaida, na jina lililotokea kabla ya kuweka PIN lilikuwa la mwanamke. "Ni mhasibu wetu," akasema. Nikabonyeza. Mhasibu huyo hadi leo hakuna aliyemwona.

Tulikuwa abiria 18. Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, tulikutana kwenye kituo cha mafuta Thika Road. Lori likaja, na lilikuwa lori kweli: turubali jipya, viti vimefungwa kwa bolti, spika kubwa nyuma. Mwenzetu mmoja, mzee wa Changamwe aliyeendesha malori ya masafa kwa miaka mingi hadi alipostaafu, hakupanda. Aliinama mbele ya bampa, akachungulia chini, akazunguka hadi nyuma, akapiga matairi kwa kiatu. Akaja kuniambia polepole, "Mwanangu, hili ni la lami. Ekseli ya mbele haina difu."

Nilimuuliza maana yake, akanionyesha. Lori linalovuta kwa magurudumu yote lina difu mbele pia, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, kama la nyuma. Hili mbele lilikuwa na mhimili mtupu. Tena nyuma lilikuwa na matairi pacha, mawili mawili kila upande. Kwenye lami pacha ni nguvu. Kwenye mawe ya volkano ya kule jiwe linajibana katikati na kukata mpira, na kwenye mchanga laini yale ya nyuma yanalazimika kujichimbia njia yao wenyewe, kwa kuwa ya mbele ni moja moja na njia yanayoiacha ni nyembamba. Mzee alimwendea mwenye safari, akajibiwa kwamba dereva ana uzoefu na wamevuka mara nyingi. Wenzetu wengine walishaanza kupiga kelele twende, jua linatoka. Mzee akapanda. Mimi nikapanda nyuma yake.

Siku ya kwanza hakuna la kulaumu. Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni lami tupu sasa, kupitia Isiolo, Archer's Post na Laisamis. Asubuhi yake, kabla hatujaondoka Marsabit, akatukusanya: dizeli imepanda, kule mbele ni ya madumu na ni ghali, kila mmoja aongeze Sh2,500. Dizeli ya madumu ni ghali kweli, ila hilo alilijua alipokuwa anapiga hesabu ya 38,000. Watu wakanung'unika, wakalipa. Hapo ndipo alipotupima. Angekuta watu 18 wamesimama kidete pale mjini, penye polisi na mabasi ya kurudi Nairobi, nadhani mambo yangekwenda tofauti.

Maikona tulimkuta mzee wa Kigabra na ngamia wake. Hakujua Kiswahili kingi, lakini alinyoosha fimbo akatuonyesha tupite pembeni, tuambae na ukingo wa jangwa, kisha akapiga kiganja juu ya kiganja kuonyesha kuzama. Dereva alimwelewa na alitaka kumsikiliza. Mwenye safari akasema hapana, watu wamelipia picha katikati ya chumvi, kata moja kwa moja.

Tulizama mnamo saa kumi alasiri. Juu ni ganda kavu, jeupe, linalia chini ya kiatu kama biskuti. Chini yake ni matope kama uji wa ulezi. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mara mbili tu, lori likakaa kwa tumbo. Hapo ndipo tulipoona kilichomo ndani ya "kila kitu ndani". Sepetu moja. Jeki moja, haina ubao wa kuikalisha, kila ukiipandisha inajizamisha yenyewe. Mabati ya kutandika chini ya tairi hakuna. Kupunguza upepo wa matairi ili yatandazike haikuwezekana, maana hakukuwa na pampu ya kuyajaza tena. Simu ya setilaiti hakuna, na mtandao wa kawaida pale ulikuwa umekufa. Maji ya kunywa: jerikeni nne za lita 20 kwa watu 21, pamoja na wale watatu wa gari, na hapo hapo ndimo mnamopikia na ndimo rejeta inamonyweshwa. Mzee wa Changamwe alikalia jerikeni mbili usiku kucha. Tulidhani anatania.

Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, aliondoka jioni kwa miguu na kijana mchungaji kuelekea Kalacha. Trekta likafika saa nne asubuhi, wakati joto limeshaanza kuuma. Kabla kamba haijafungwa, mwenye safari akatusimamisha kivulini mwa lori: trekta ni Sh54,000, kila mtu Sh3,000, mkononi, sasa hivi. Asiye na taslimu aliandikwa kwenye daftari, akalipa kwa M-Pesa mtandao uliporudi Kalacha. Kubishana? Kuna mama mmoja kati yetu alikuwa ameshatapika mara mbili kwa jua. Tungelipa hata laki.

Kamba ilipokuwa inafungwa, mzee wetu alikuwa anapiga gumzo na dereva wa trekta, mambo ya injini tu. Katikati ya gumzo akamuuliza wamepatana kiasi gani. Elfu ishirini. Sh34,000 zilikuwa zimeingia mfukoni mwa mtu huku sisi tunakausha midomo. Tulipomkabili, alisema ni "gharama za uratibu". Ninakubali kwamba trekta la kule, saa ile, lina haki ya kuwa ghali. Kilichonishinda ni mtu kunitia shimoni, kisha kunitoza faida kwenye kamba ya kunitoa.

Loiyangalani, pale ukingoni mwa Ziwa Turkana, nitaisimulia kwa ufupi, ingawa penyewe panastahili zaidi. Ziwa lile, sitasema uongo, nilisahau pesa kwa nusu saa nzima. Upepo wa usiku uling'oa hema mbili, mbovu zilivyokuwa. Asubuhi ya pili mama mwenye kambi akatujia kwa adabu zote: "Wanangu, sina ugomvi nanyi, lakini sijaona hata shilingi." Tukamlipa wenyewe: Sh1,000 kwa mtu kwa usiku, siku mbili. Mwenye safari hakuwepo. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika kwenye mawe, naye alipanda Land Cruiser moja iliyokuwa inakwenda Marsabit, akasema anafuata springi. Hakurudi. Simu ilikuwa inaita vizuri tu, na alipokea mara tatu siku ya kwanza akituambia yuko njiani.

Dereva ndiye aliyetufungulia mengine. Naye hajalipwa. Lori ni la mtu wa Kariobangi, limekodiwa kwa siku, na siku zilikuwa zimeshaisha, mwenyewe anapiga simu analitaka likabebe viazi. Bima yake ni ya mizigo. Hebu lifikirieni hilo: tungepinduka kwenye laga (mkondo wa mto mkavu) yoyote, sisi abiria tuliolipa nauli hatumo kwenye karatasi yoyote ile. Yule dereva na tanboi wake tuliwaachia unga na sukari iliyobaki. Sina kinyongo nao.

Tuliokolewa na lori la samaki wakavu. Lilitupakia juu ya magunia hadi Laisamis, kwa ile barabara ya changarawe iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, zaidi ya kilomita 200, na hapo tukadaka mabasi ya Moyale kuja Nairobi. Sh3,500 kwa jumla. Koti langu bado linanuka, lakini dereva yule alisema bei kabla hatujapanda na bei ikabaki ile ile, na kwa wiki ile hilo lilitushangaza.

Sasa, kama bado unataka kwenda, na nakusihi uende, maana kaskazini kwenyewe hakukutukosea kitu, lione lori kabla hujalipa salio. Inama. Tafuta difu ya mbele. Uliza bima imekatwa kwa kazi gani na leseni ya kubeba abiria iko wapi, mtu mwenye nazo hakasiriki kuulizwa. Kampuni ya utalii inapaswa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na ukiwauliza ofisini kwao utajua kama ipo. Mpigie mwenye kambi wewe mwenyewe, uliza kama jina la kundi lenu limo na kama amelipwa chochote. Sisi tungefanya hilo moja tu, tungejua yote tukiwa bado Nairobi. Na iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba kukwama ni juu ya mwenye safari, na kwamba sehemu ya pesa italipwa mkirudi. Nilimtajia hilo la salio baadaye rafiki yangu anayepeleka watu Turkana kwa miaka, akasema wateja wake wa zamani ndivyo wanavyomlipa na hajawahi kuona ubaya wake.

Kwa waliokwisha kuumwa na huyu huyu: tuliandikisha OB, yaani taarifa kwenye kitabu cha matukio cha polisi, tukachapisha taarifa zetu za M-Pesa, na madai ya kila mmoja wetu yako chini kabisa ya Sh1,000,000, ambayo ndiyo kikomo cha mahakama ile, kwa hiyo unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Hifadhini jumbe zote, hata zile za "niko njiani".

Wiki iliyopita nimetumiwa tangazo jipya la safari ya Desemba. Jina jipya, namba mpya, bei Sh41,000. Picha za Namibia ameziondoa. Safari hii ameweka picha ya kweli: watu wanacheka mbele ya lori lenye turubali jipya, alfajiri, Thika Road. Mwenye kofia ya manjano upande wa kushoto ni mimi. Nyuma yangu kuna mzee ameinama, anachungulia chini ya bampa. Ukiiona picha hiyo, usitume pesa.