Betri za mia tano na mashine ya presha ya mama: uzoefu wangu

Mama ana presha. Daktari alitwambia tumpime asubuhi na jioni, tuandike kwenye daftari, tuje nalo kila miadi. Tukanunua mashine ya kufunga mkononi, ile inayojaza mkanda wenyewe, inatumia betri nne za AA. Nikashuka dukani hapa Wete, nikachukua betri nne kwa elfu moja, nikatia. Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri, hata majirani wakawa wanapitia wakitoka sokoni: "Na mie nipime, bibie." Wiki ya pili mkanda unajaa nusu, unasita, halafu kioo kinatoa alama ya kosa. Mama akaingiwa na hofu. "Mwanangu, mashine inanikataa. Presha yangu imepanda hiyo." Hofu yenyewe nayo inapandisha presha, kwa hiyo tulipopata namba hatimaye ikawa kubwa kweli.

Nilirudi dukani, kijana akanipa nyingine. "Hizi mpya, mama, zimeshuka jana." Zikaenda wiki mbili na siku moja. Najua kwa sababu nilianza kuandika nyuma ya daftari lilelile la presha: siku ya kutia, siku ya kufa. Kwa pakti nne mfululizo hakuna iliyofika wiki tatu. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba jioni zilikuwa zinafufuka. Asubuhi mashine imegoma, baada ya magharibi inafanya kazi kama haikutokea kitu, na mie nikiamini ni mashine ndiyo mbovu. Nilikaribia kuirudisha.

Mashine ilikuwa nzima. Betri nazo hazikuwa feki. Nilizipa kazi isiyokuwa yao.

Hizi tunazoziita betri tu, za mia tano jozi, ni za kaboni na zinki. Zinatoa volti moja na nusu kama nyingine nyingi za ukubwa huo, lakini hazipendi kutakiwa umeme mwingi kwa pupa. Mota inayojaza upepo kwenye mkanda inataka hivyo hasa, mwingi na sasa hivi. Volti inaporomoka, mashine inajiona haina nguvu, inakata. Ukiziacha zikapumzika zinarudi kidogo, ndiyo huko kufufuka kwa jioni. Wale waliokulia Pemba wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa. Babu alikuwa na redio ya betri nne nene za National, zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam. Zikichoka alizianika juani pembeni mwa jamvi la karafuu, na usiku anapata taarifa ya habari, pengine na taarabu kidogo. Joto huhimiza kilichobaki ndani kifanye kazi. Ila kwenye betri za namna hii ganda lenyewe la zinki ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Linazidi kuwa jembamba, likitoboka betri inatoa maji. Redio ile ilikufa kwa springi kuliwa na kutu, na babu hadi anaondoka duniani alilaumu popo.

Sasa, dukani utazijuaje? Acha maandishi makubwa ya Kiingereza yanayojisifu kuwa ni za kazi nzito. Hizo ni kaboni zilezile zilizoboreshwa kidogo. Tafuta herufi ndogo pembeni. R6 ni kaboni ya ukubwa wa AA (wengine huandika UM-3, kitu kimoja), R03 ni ile nyembamba ya rimoti, R20 ni ile nene ya kurunzi. Ikitanguliwa na L, yaani LR6, LR03, LR20, hiyo ni alkalaini, aina nyingine inayoweza kutoa umeme mwingi kwa pupa. Herufi moja tu, mie nimeishi zaidi ya miaka arobaini sijaiona.

Nilipokwenda Unguja nilinunua alkalaini nne Darajani, elfu saba zote. Kijana wa Wete angenicheka. Nilizitia mwezi wa Rajabu, zikaja kuisha Mfunguo Mosi imeshapita, na majirani hawakupunguza safari zao. Piga hesabu: kwa muda ule ningenunua pakti saba au nane za elfu moja, ukiacha kelele na hofu ya mama. Hapo rahisi ndiyo iliyokuwa ghali.

Na feki zipo. Jozi moja niliyouziwa kama alkalaini niliishika nikaona mkono haushuki. Nikaweka moja yake kwenye mizani ya keki: gramu kumi na sita. Alkalaini ya kweli ya AA inakuja kwenye ishirini na tatu hivi. Kweli, mizani yenyewe nayo inataka betri, ile ya duara kama kitufe, CR2032, na hapa nisimame kidogo. Nyumbani kuna mjukuu wa miaka miwili ambaye kila kinachong'aa anakijaribu kwa ulimi. Betri ya kitufe ikimezwa na kukwama kooni inaunguza nyama kwa umeme wake, na ndani ya saa mbili inaweza kuleta madhara makubwa. Hakuna kungoja itoke kwa njia yake, ni hospitali papo hapo. Mizani yangu sasa inakaa juu ya kabati, na vitu vyote vya betri za kitufe ambavyo kifuniko chake hakina skrubu nimevigawa au nimevitia gundi ya karatasi.

Za kuchaji nilizipata kwa shemeji anayeishi Maskati. Aliniletea Eneloop nane na chaja yake. Ni betri zilizotolewa mara ya kwanza Japani na Sanyo mwaka 2005, leo ni za Panasonic, na sifa yake ni kwamba hazijimalizi upesi zenyewe zikiwa kabatini. Betri za kuchaji za zamani ukizijaza leo ukaja kuzitaka baada ya miezi, unakuta hazina kitu. Mwanzoni sikuziamini kwa sababu zimeandikwa volti 1.2, nikasema mashine itazikataa. Haikuzikataa. Zinashikilia volti yao karibu mpaka mwisho, haziporomoki kama kaboni. Kasoro moja ni alama ya betri kwenye kioo: inaonyesha nusu hata nikiwa nimezichomoa kwenye chaja muda huo huo, kwa kuwa mashine inasoma volti na imezoea moja na nusu. Mama ilimsumbua mpaka nikabandika kipande cha plasta juu ya alama. Sasa tunazichaji kila baada ya mwezi na nusu hivi.

Ukitaka kununua za kuchaji hapa hapa visiwani, soma namba ya miliampia-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachoweza kubeba. Eneloop hizi za kawaida zimeandikwa 2,000. Ukiona betri ya AA ya namna hiyo imeandikwa 9,800 mrudishie mwenyewe. Zilizo bora kabisa hazivuki sana 2,800. Nimeona 9,800 kwenye duka zuri tu, lenye kiyoyozi.

Hata hivyo pakti moja ya alkalaini ipo kwenye mtoto wa meza haiguswi. Nilikuwa Unguja giza la mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme wa gridi. Chaja bila umeme ni kipande cha plastiki. Alkalaini inakaa miaka kabatini ikingoja siku kama zile.

Lakini usiiache ndani ya kitu usichokitumia. Hilo nimelipia kwa kurunzi ya kuendea chooni kwa mama shamba. Ilikaa masika yote na betri zake mbili za alkalaini, nikija kuifungua kuna unga mweupe umeganda kwenye springi. Fundi mmoja akanambia nikamulie ndimu. Kweli, uchafu ule ni magadi makali na ndimu ni kali ya upande wa pili, vikikutana vinachemka kidogo kisha vinatoka kwa pamba. Vaa glavu au mfuko mkononi, uchafu huo unachoma. Nilikausha, nikakwangua kwa msasa, kurunzi ikawaka, ingawa sasa lazima uipige kofi kwanza. Kwa hewa yetu hii ya chumvi kutu haihitaji kualikwa.

Rimoti sina la kusema. Tia chochote.

Kingine kilichonigharimu ni kuchanganya. Gari la mjukuu lilikuwa linachukua betri nne, mbili mpya na mbili alizozichomoa kwenye rimoti. Zile dhaifu zinaisha kwanza, kisha zile zenye nguvu zinaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyume, na hapo ndipo zinapovuja. Dawa niliyopata ni rangi ya kucha. Eneloop nne za mama zina nukta nyekundu, nne za gari na kurunzi zina nukta ya zambarau, zinaingia pamoja, zinatoka pamoja, zinachajiwa pamoja. Mjukuu hajui kusoma lakini rangi anazijua, ananiletea mwenyewe: "Bibi, zambarau zimelala."

Zilizokufa kabisa nazikusanya kwenye kopo la maziwa lililokauka. Jirani alizitia kwenye moto wa takataka, zikapasuka kama fataki, watoto wakafurahi. Mie sikufurahi.

Na betri za mia tano bado nanunua, msije mkasema nimezitukana. Saa ya ukutani inataka betri moja na inakunywa kidogo mno, hata alkalaini ndani yake ni israfu. Naibadilisha kila mwaka siku za vunja jungu, nyumba inaposafishwa kungoja Ramadhani, iwe imeisha au haijaisha, ili isipate muda wa kuvuja. Ile ya mwaka huu ni R6 ya duka la kijana yuleyule. Iko juu ya mlango wa chumba cha mama, na kila asubuhi ndiyo anayoitazama kabla ya kunyoosha mkono afungwe mkanda.