Mashati manne ya harusi kwa fundi mmoja wa Kamalondo

Nianze na kazi yenyewe, maana fundi huhukumiwa kwa mshono. Shati alilonishonea Papa, fundi mzee wa mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, limefuliwa mara nyingi tangu harusi ya Desemba, na kola bado imesimama. Mshono wa bega unaishia pale bega langu linapoishia. Mgongoni limebanwa kidogo kiunoni, kama nilivyoomba, na urefu wake unaruhusu kulivaa nje ya suruali bila kuonekana nimeazima kanzu. Ligeuze ndani nje: hakuna uzi unaoning'inia, kila ukingo umepitishwa kwenye ovaloki. Mimi ni mtu wa nguo. Nimevaa kazi za mafundi wengi wa Lubumbashi, wa mjini na wa mitaani, na hili ndilo shati ninalolivaa nikitaka watu wanitazame.

Jina la fundi siliandiki, wala jina la barabara. Nilimuomba ruhusa kabla ya kuandika. Alifikiri, akasema, "Andika kazi, jina uache." Ana haki. Mimi ni mwanaume ninayependa wanaume, na rafiki zangu watatu nilioenda nao kwake ni vilevile. Sheria ya Kongo haitaji mapenzi ya wanaume wawili kuwa kosa, lakini kifungu cha 176 cha sheria ya makosa ya jinai, kile cha kuvunja adabu hadharani, kinamtosha askari anayetafuta pesa. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 40, imeandika kwamba mtu huoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine. Banda likishasemwa kwamba ni la watu wa namna fulani, wateja wengine huhamia kwa jirani, na mzee huyu ana wajukuu wa kulipia masomo. Kamalondo ina mafundi wengi, kwa hiyo kuitaja hakumuanikii mtu jambo lake. Anayemhitaji atampata kwa kuulizana, kama sisi tulivyompata.

Sasa habari ya kitambaa. Mmoja wetu tunamwita Prof kwa sababu anafundisha hisabati. Dada yake alikuwa anaolewa, na familia ilichagua kitenge cha mbayuwayu, ndege weupe juu ya bluu. Mama yao alituita nyumbani Katuba, sote wanne. Tulidhani tunaitwa kupangiwa kazi, viti na kreti za bia, kama harusi zote. Akatoka chumbani na vipande viwili vya yadi 6 kila kimoja, akaviweka juu ya meza mbele yetu.

"Hii ni ya batoto yangu," alisema. "Muende mushone, musichelewe."

Anayejua harusi za kwetu anaelewa kilichotokea hapo. Mgeni huvaa anachotaka. Kitenge cha familia huvaliwa na familia, na mpiga picha akiita familia, anatafuta kitenge kwanza, sura baadaye. Prof hajawahi kumwambia mama yake lolote, na mama hajawahi kuuliza. Lakini kwa miaka ametupikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, anajua nani kati yetu hali samaki, anajua nani alikaa hospitali na kina nani walilala sakafuni kando ya kitanda chake. Njiani kurudi, Shofa, ambaye kazi yake ni kuendesha magari makubwa hadi mpakani Kasumbalesa na ana mikono mizito kuliko sisi sote, alisimamisha gari pembeni akalia. Tulimngoja. Hakuna aliyemharakisha.

Kwa hiyo kitambaa hiki hakikuwa cha kupeleka popote tu. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja wa mjini shati la kushona, nikamweleza ninavyotaka kiuno, akarudia maneno yangu kwa sauti ili wanafunzi wake wasikie, akiongeza ya kwake juu ya wasichana. Walicheka wakati mita bado imenizunguka kifuani. Shati lilishonwa vizuri na sijalivaa hata leo. Kupimwa nguo ni jambo la karibu sana. Mtu anakushika shingo, kwapa, kiuno, anaandika mwili wako kwenye daftari. Kwa wanaume kama sisi, ambao tumejifunza tangu utotoni kuchunga jinsi tunavyosimama na tunavyoweka mikono, dakika hizo chache zinachosha.

Aliyetuelekeza kwa Papa ni Muganga, wa nne wetu, muuguzi, kwa sababu fundi huyu ndiye anayewashonea wauguzi makoti ya kazi. Banda lake ni la mabati, lina mlango mpana na benchi ndefu nje chini ya mwembe. Ndani kuna cherehani mbili za miguu, moja ni Singer nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yamefutika karibu yote, ovaloki moja ya umeme, meza ya kukatia, na pasi ya makaa. Vipande vya vitambaa vimepangwa kwa rangi katika maboksi. Kioo kirefu kipo, na kona ya kubadilishia nguo ina pazia fupi mno, hilo nitalirudia.

Aliponipima mara ya kwanza nilikaza mabega bila kujijua. Akashusha mita, akangoja, kisha akasema, "Simama vile unasimamaka kwako, mwana."

Basi nikasimama ninavyosimama kwangu. Akapima. Nilipomwambia nataka libane kiunoni, aliuliza swali moja tu: nikikaa kula, nataka nipumue kiasi gani? Hilo ni swali la fundi. Akaandika namba, akamwita anayefuata.

Niwaeleze kazi ya wale ndege, kwa sababu hapo ndipo nilipojua tumefika kwa mtu mwenye ujuzi. Katika kitenge chetu mbayuwayu wote walikuwa wanaruka kuelekea upande mmoja. Kitambaa cha namna hiyo ni mtihani. Kwa kitenge cha maua yaliyotawanyika fundi anaweza kugeuza kipande huku na huku ili abane nafasi, mkono wa shati ukakatwa juu chini na asitambue mtu. Kwa ndege haiwezekani. "Nikizungusha kitambaa, ingine itaruka kichwa chini," alisema, na akatandika yadi zote mezani kwanza kabla ya kugusa mkasi. Tukamwona anapanga karatasi za vipimo, anaziondoa, anazipanga tena. Yadi 12 kwa mashati manne ya mikono mirefu zinatosha kwa kawaida, lakini kwa kukata upande mmoja tu hazikutosha. Suluhisho lake lilikuwa kushona upande wa ndani wa kola na wa mikono kwa kitambaa cha bluu kisicho na maua, alichokitoa kwenye maboksi yake bila kutuongezea bei. Matokeo yake ni mazuri kuliko tulivyopanga: ukikunja mikono, bluu tupu inatokea. Mfuko wa kifuani ameupandisha juu ya shati kwa namna ambayo ndege hakatiki. Bawa linaanzia kwenye shati linaishia kwenye mfuko. Vifungo vya mbele vimepita katikati ya ndege bila kuwapasua. Mashati yote manne yako hivyo, na miili yetu minne haifanani hata kidogo.

Kuhusu benchi, sina budi kusema zaidi. Wanaume wanne wasio na wake wakae wapi pamoja katika mji huu? Baa, muziki uko juu na baada ya chupa ya pili meza ya jirani itauliza wasichana wako wapi. Kwenye michopo, vibanda vya nyama choma, ni vilevile, tena na moshi. Nyumbani kwa mmoja wetu, wapangaji wanahesabu nani ameingia na nani hajatoka. Kwa fundi una sababu ya kuwepo. Ukishika mfuko wenye kitambaa, huhitaji kujieleza kwa mtu. Tulikaa pale alasiri nzima za Jumamosi, tukila karanga, tukisikiliza Muganga akisimulia zamu zake za usiku, Prof akisahihisha madaftari ya wanafunzi magotini. Na siku ya kujaribu, tulisimama mbele ya kile kioo mmoja akimnyoosha mwenzake kola, akimfunga kifungo cha mkono, akimpapasa bega kuondoa uzi, na kila mpita njia aliona watu wanaojaribu nguo za harusi. Nimeishi na watu hawa ujana wangu wote, na sikumbuki mahali pengine pa wazi tulipogusana kwa utulivu namna ile.

Mara moja mteja mmoja, mwanamume wa makamo aliyekuwa anangoja suruali, alituangalia sana kisha akamuuliza fundi kama vijana hawa wote hawana wake wa kuwachagulia nguo. Mguu wa fundi haukuacha kukanyaga cherehani.

"Miye napimaka mabega," akajibu. "Mambo ya ndoa, uulize kanisani."

Mteja alinyamaza. Mwanafunzi mmoja wa ushonaji alianza kutabasamu. Akapewa makaa ya pasi ayapulize nje. Hayo tu. Hakutupa pole, hakutukonyeza. Ndivyo nilivyotaka.

Kasoro zipo, nami sitazificha kwa sababu nampenda. Kwanza, tarehe. Aliahidi Jumatano, tukapata Ijumaa jioni, kesho yake harusi. Cherehani zake za miguu hazijali umeme, lakini ovaloki inauhitaji, na umeme ukikatika siku mbili mashati hukaa yamekamilika nje na kingo mbichi ndani, naye hakubali kutoa kazi ya namna hiyo. Mpe siku ya uongo, iliyo mapema kuliko unayohitaji. Pili, vifungo vyake vya plastiki ni vya hovyo; nunua vyako sokoni Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, umpelekee, atavishona bila kununa. Tatu, lile pazia. Linafika magotini na upepo ukija halifiki popote. Vaa fulana nzuri ndani. Tumempelekea kipande kirefu zaidi, sijui kama amekitundika.

Bei yake ilikuwa dola 12 kwa shati la mikono mirefu, nusu kabla na nusu siku ya kuchukua. Anapokea faranga pia, pesa za simu hapana. Noti ya dola ikiwa na mchaniko hata mdogo pembeni ataigeuza, ataitazama kwenye mwanga na kukurudishia, kama kila mtu mjini. Kuna wanaoshona kwa nusu ya bei hiyo. Nimeona ndege wao.

Nimesema sisi ni marafiki wanne. Wawili kati ya wanne hao ni zaidi ya marafiki, nami ni mmoja wa wawili hao, mwingine simtaji. Kwa fundi hatukuwahi kusema, na tulijichunga, hata kuliko inavyolazimu. Hatukuja pamoja, hatukuondoka pamoja, tulikaa ncha mbili tofauti za benchi. Ijumaa ile jioni nilifika wa kwanza kuchukua shati langu. Akalikunja, akalifunga kwa gazeti. Kisha akachukua la pili kutoka kwenye msumari, si la yeyote kati ya wale wengine wawili, akalikunja taratibu vilevile na kuliweka juu ya langu.

"Na hii umupelekee mwenzako," alisema. "Mvua inakuya, asisumbuke."

Nikalipa salio la mashati yote mawili. Hakuangalia uso wangu, alikuwa anahesabu chenji, na nilishukuru kwa hilo kwa sababu sikuwa na uso wa kuonyesha mtu wakati ule.

Harusi ilikwenda vizuri. Mpiga picha aliita familia, tukabaki tumesimama kwa mashaka pembeni ya turubai, na mama akatufuata mwenyewe, akatupanga mstari wa nyuma, warefu katikati. Picha ipo ukutani kwake Katuba.

Nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano ni yake siku atakaposhika tarehe. Kwa harusi za mwisho wa mwaka mpelekee kitambaa Oktoba, kabla mvua hazijaharibu barabara ya mtaani kwake na kabla kwaya za Noeli hazijamjazia banda sare. Jumapili hafungui. TP Mazembe, timu yetu ya mpira, wakicheza nyumbani usiende na gari, watu wote wa mtaa huwa nje na nguo nyeusi na nyeupe, na yeye mwenyewe hufunga mapema akasikilize mechi. Ukifika, sema unataka shati, eleza unavyotaka likae mwilini mwako, usipunguze hata neno moja, na ulizia kama ameshafunga pazia refu.